Kura ya kijijini au ya mtaa unaoishi? Jibu langu kwa mdau wa Ilomba

Mkuu, umesema unaishi Ilomba hapa Mbeya huu mwaka wa nne, kadi yako ya mpiga kura ni ya kijijini kwenu Makete, na ukipiga hesabu ya nauli na siku ya kazi itakayopotea, roho inakuuma. Umeuliza kama ni lazima uende, na kura yako moja itabadili nini. Wengi hapo juu wamekujibu kwa hotuba. Mimi nitakujibu kwa hasara iliyonipata.

Hilo la lazima ni fupi. Katiba ya 1977, ibara ya 5, inampa raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura. Haki, siyo amri. Hakuna mgambo atakayekugongea mlango kwa sababu ulilala. Wajibu wake ni kama wa msibani: hutozwi faini usipokwenda, ila siku yako ikifika watu wanakumbuka ulikuwa wapi.

Sasa yangu. Mimi ni wa upande wa Makambako. Mwaka 2014 uchaguzi wa vitongoji na vijiji uliangukia Jumapili, tarehe 14 Desemba. Mvua ilikuwa imeshakolea, na wa nyanda hizi mnajua kupanda hakungoji mtu. Nilikuwa na vibarua watatu niliokwisha kuwalipa nusu, mbegu ndani, mbolea ya kupandia ndani. Shemeji yangu akapita na koti lake la kanisani, akauliza, "Hamji?" Nikamjibu kwa sauti ili vibarua wasikie, "Kwani mwenyekiti wa kitongoji atakuja kunilimia?" Tukacheka sana. Nyumba yetu ilikuwa na wapiga kura watano. Aliyekwenda ni mama peke yake.

Mama na marehemu baba walikuwa watu wa kura tangu zamani. Baba alipenda kusimulia enzi za chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge wanapewa alama, mmoja jembe, mwingine nyumba. Wa jembe anatamba kwamba bila yeye mtakufa njaa, wa nyumba anajibu, mkishalima mtalala wapi? Rais alikuwa jina moja tu, ndiyo au hapana. Na hata hapo wazee walikwenda, wakapanga foleni. Mimi niliyezaliwa wakati wa kuchagua ndiye niliyebaki shambani.

Matokeo yakatoka, akashinda mzee mmoja mwenye duka huko barabarani. Tofauti ilikuwa kura ishirini na kitu. Nalisema hili makusudi, maana humu jukwaani watu wanapenda zile hadithi za "alishindwa kwa kura moja". Hata sisi wanne tungekwenda, angeshinda vilevile. Jambo nililochelewa kuliona ni jingine: siku ile bonde letu zima tulikuwa shambani. Waliopiga kura ni wa barabarani, wenye maduka na mashine za kusaga, ambao mvua haiwasumbui. Kitongoji kina pande mbili, na upande mmoja ndio uliochagua.

Miaka miwili baadaye likaja ombi la ardhi. Mtu kutoka mjini alitaka eneo la juu ya chemchemi apande milingoti, yaani mikaratusi. Chini ya chemchemi ile ndiko viliko vinyungu vyetu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi, kabichi, maharage, mahindi ya kuchoma. Kila mtoto wa kule anajua mlingoti unavyokunywa maji. Lakini mwenyekiti wa kitongoji anaingia kwenye halmashauri ya kijiji, na wetu alikuwa mtu wa barabarani asiye na kinyungu hata kimoja. Simlaumu sana. Yeye alisemea anachokijua: ajira za kupanda miche, hela ya kujenga choo cha shule.

Halafu jambo likaenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapa wadau wengi hawajui, nami sikujua: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mkutano mkuu ni sisi, kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Yaani tulipewa nafasi ya pili. Mkutano ukaitishwa siku ya gulio. Bonde letu tukabeba nyanya kwenda kuuza. Nilikuja kushtuka nilipoona mashimo ya miche yamechimbwa mistari minne kuelekea chemchemi.

Nikaenda ofisini nikiwa nimefura. Mtendaji wa kijiji akanifungulia kitabu cha mihtasari, tarehe ipo, mahudhurio yapo, azimio lipo. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Tangazo lilibandikwa pale, wewe ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Tukarudi bondeni tukapanga kumpigia kura mtendaji atoke. Mpaka mwalimu mmoja mstaafu akatuambia, nyie watu, mtendaji ni mwajiriwa, hachaguliwi. Mnayemchagua ni mwenyekiti, na mlikataa kumchagua kwa kutokwenda. (Tulikuwa kwenye kilabu cha ulanzi, kwa hiyo alilazimika kurudia mara mbili.)

Leo kinyungu chetu kinakauka Agosti. Zamani kilifika Oktoba.

Mwaka 2024 orodha ya kujiandikisha ilipofunguliwa, Oktoba tarehe 11 hadi 20, bonde tulikwenda mapema. Siku ya kura, Jumatano ya 27 Novemba, tulipanda hadi saa tatu, tukaacha majembe kwenye matuta, tukaenda na tope miguuni. Tuliyemtaka akapita. Milingoti bado ipo, mti haung'oki kwa karatasi. Ila kulikuwa na ombi lingine, la upande wa pili wa bonde, na hilo lilikwama hukohuko kwenye halmashauri.

Nirudi kwako. Umechanganya vitu viwili, na si wewe tu. Kadi uliyonayo ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Hiyo unaitumia kituo ulichojiandikisha. Ukihama, kuna kipindi cha kuboresha daftari, unakwenda unahamisha taarifa zako, kazi ya dakika chache kama foleni si ndefu. Mama yangu walimwandikisha mwaka 2015, mkoa wetu wa Njombe ndio ulioanza na zile mashine za alama za vidole, na vidole vyake vilivyosuguliwa na mpini wa jembe vilisomeka mara ya tatu. Hakuondoka. Wewe una vidole vya kushika simu, huna kisingizio.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni habari nyingine. Unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia mikoa na serikali za mitaa, una orodha yake, na unaandikishwa pale unapokaa. Kadi ya Makete haikusaidii wala haikuzuii. Wewe ni mkazi wa Ilomba. Barua ya utambulisho ya kuombea kitambulisho cha taifa cha NIDA utaiomba mtaa wa Ilomba. Ndugu yako akiwekwa ndani, barua ya kumdhamini utaitafuta hapohapo. Mtaro unaojaa taka nyuma ya nyumba yako hauko Makete. Kule kijijini kwenu wana vinyungu vyao au viazi vyao, waache waamue wanaoamka navyo, na wewe usimwamulie mtu maji yake kisha upande gari urudi mjini. Hapo ndipo natofautiana na mdau aliyesema "rudi nyumbani, damu nzito kuliko maji".

Kuhusu kura moja: mwaka 2010 waliojitokeza nchi nzima walikuwa kama asilimia 43 ya waliojiandikisha. Mwaka 2015 wakafika asilimia 67. Tofauti hiyo ni mamilioni ya watu, na kila mmoja wao alikuwa na shamba, duka au usingizi wake. Usiulize sana kura yako itabadili nini. Uliza ni watu gani wa mtaa wako huwa hawaendi, na shida zao ni zipi. Kwa Ilomba nahisi ni wapangaji, watu kama wewe, kwa sababu kila mmoja anajihesabu mgeni. Mwenye nyumba anakwenda, mpangaji anabaki, halafu mtaa unapanga michango kama vile wote wana nyumba.

Kwa hiyo hamisha kadi wakitangaza, na orodha ya mtaa ikifunguliwa jiandikishe siku mbili za mwanzo, usingoje ya mwisho. Muulize balozi wako mkutano wa mtaa unafanyika lini. Na hiyo nauli iweke, siku ukipata likizo pita njia ya Isyonje na Kitulo ukamsalimie bibi.