Kunyambua Bega la Nguruwe la Moshi: Ushauri kwa Anayeanza

Swali la kwanza ninaloulizwa na mtu anayetaka kuanza kupika nyama ya nguruwe ya moshi nyumbani ni anunue kifaa gani cha kuinyambua, nami humrudishia swali: nyama yako ilikuwa na nyuzi joto ngapi ulipoitoa kwenye jiko la moshi? Huenda nikaonekana mkaidi, lakini baada ya miaka kadhaa ya kuishi North Carolina, Marekani, na kuharibu mabega mengi kuliko ninavyopenda kukiri, sijaona kifaa chochote kinachoweza kufidia nyama ambayo haijaiva inavyotakiwa.

Kipande kinachofaa ni sehemu ya juu ya bega la mbele, ambayo kwa Kiingereza huitwa Boston butt, jina linalowapotosha wageni wakadhani wanauziwa makalio, kwa kuwa butt ni makalio pia. Kikiwa na mfupa huwa na uzito wa kilo tatu na nusu hadi nne, na kikishaiva hubaki karibu nusu ya uzito huo. Usidanganyike ukachukua nyama ya mgongoni kwa sababu inapendeza machoni na haina mafuta. Bega hunyambuka kwa sababu limejaa tishu ngumu zinazofunga misuli, na tishu hizo zikikaa kwenye joto kwa saa nyingi huyeyuka zikawa kitu chororo chenye kunata kidogo, ambacho ndicho kinachoipa nyama ulaini wake.

Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesoma kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani, tangu mwaka 2011, inahesabu kipande kizima cha nguruwe kuwa salama kikifika nyuzi joto 63 za Selsiasi na kupumzishwa kwa dakika tatu, kwa hiyo kipimajoto kiliposoma 82 nikajiona nimepitiliza. Nikachukua uma mbili, nikavuta, nikasukuma, nikavuta tena, na nyama ikanigomea kama katani mbichi. Usalama na kunyambuka ni mambo mawili tofauti. Jiko likiwa kati ya nyuzi joto 107 na 135, nyama iachwe mpaka ndani ifike 93 hadi 96, na hata hapo namba isikutawale: choma kipimajoto sehemu tatu au nne, na kama kinazama bila kupingwa, mithili ya kinaingia kwenye parachichi lililoiva, na mfupa unatikisika ukiushika, basi iko tayari. Njiani, karibu na nyuzi 70, joto litagoma kupanda kwa saa kadhaa kwa sababu maji yanayotoka juu ya nyama huipoza kama jasho linavyoupoza mwili. Usiongeze moto kwa hasira. Ukiona muda unakubana, ifunge kwa karatasi ya aluminiamu na uendelee.

Baada ya hapo ipumzishe. Iache katika karatasi yake, au uifunge sasa kama hukuwa umeifunga, uizungushie taulo kuukuu na kuiweka ndani ya kasha la vinywaji baridi lisilo na barafu kwa saa moja au mbili, ikiwezekana zaidi. Mimi huanza kunyambua ndani ikiwa karibu nyuzi 70. Ikiwa ya moto kupita kiasi hutoa mvuke mwingi na kukauka mbele ya macho yako, na ikipoa sana mafuta hushikana na nyuzi hukataa kuachana. Wala isishuke chini ya nyuzi 60 ikakaa humo, kwa maana hapo vijidudu huanza kuzaliana.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kwa mtu wa bega moja au mawili, hakuna kinachoshinda mikono. Vaa glavu za pamba za kuzuia joto, na juu yake glavu za mpira za jikoni zilizo pana kidogo ili uweze kuzivua bila kupigana nazo. Vidole huhisi kile ambacho chuma hakihisi: donge la mafuta lililojificha, gegedu, kipande cha mfupa, au tezi ya kijivu inayoteleza ambayo hungependa mgeni wako aitafune. Uma mbili zinafaa kwa kipande kidogo, ila mkono huchoka mapema. Kuna pia makucha ya plastiki yanayouzwa mawili mawili, yaliyotengenezwa mfano wa nyayo za dubu. Ni mazuri kwa kubebea bega zima na kulipasua vipande vikubwa, lakini ukiendelea kukwaruza nayo mpaka mwisho utapata makapi.

Makapi hayo hayo niliyapata kwa mashine ya kukandia unga, siku niliyokuwa na wageni wengi na uvivu mwingi. Niliiacha izunguke dakika moja tu huku nikipanga sahani, na niliporudi nilikuta kitu kinachofanana na samaki wa kopo. Ukilazimika kuitumia, toa kwanza mfupa na magegedu, weka kifaa bapa cha kuchanganyia, si kile cha kukandia mkate, jaza bakuli nusu, endesha kwa kasi ya chini kabisa na uzime kila baada ya sekunde tano utazame. Vifaa vya kufungwa kwenye drili sivishauri hata kidogo. Hurusha mafuta ukutani, na drili iliyokuwa ikitoboa zege jana haina kazi juu ya chakula.

Utaratibu wangu ni huu. Naiweka nyama kwenye sinia lenye kingo, namimina mchuzi uliojikusanya kwenye karatasi ndani ya jagi, kisha nashika mfupa wa bega na kuuzungusha taratibu. Nyama ikiwa imeiva vizuri, mfupa hutoka wenyewe, mkavu na mweupe, kama umelambwa. Bega huachana katika misuli mikubwa, na kila msuli una mwelekeo wake wa nyuzi, kwa hiyo nautenga mmoja mmoja, natupa utando na mafuta yasiyoyeyuka, halafu nauvuta kufuata nyuzi mpaka nipate vipande vyenye unene wa kidole cha mwisho. Hapo ninaacha, kwa kuwa nyama itaendelea kuvunjika wakati wa kuchanganya. Nyuzi ndefu nazikata zisizidi sentimita tano, maana hakuna aibu kama ya mgeni anayeuma mkate na kubaki na uzi mrefu ukining'inia kidevuni.

Ganda jeusi la juu, lenye viungo na moshi wote, lisiachwe kwenye mabamba makubwa. Likate kwa kisu vipande vidogo na ulisambaze, ili kila anayepakua apate chake. Mchuzi wa kwenye jagi uondolewe mafuta yanayoelea, kisha urudishwe kidogo kidogo mpaka nyama ing'ae bila kuogelea. Siki huja baada ya hapo. Mashariki ya jimbo hili hupika nguruwe mzima, humkatakata kwa panga la jikoni na kutia siki yenye pilipili. Upande wa Lexington, mji ulio katikati ya jimbo, hupika bega peke yake na kuongeza nyanya kidogo katika siki hiyo, na ubishi kati yao ni mkali kuliko wa pilau ya Kenya na ya Tanzania. Mimi husimama na siki tupu, ila siyasemi hayo nikiwa Lexington.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, katika vyombo vifupi ili kipoe haraka, pamoja na mchuzi wake, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kipashwe moto kikiwa kimefunikwa, mpaka nyuzi 74. Na mafuta yaliyoganda kwenye sinia yafute kwa karatasi na uyatupe na taka, usiyamwage kwenye sinki: mimi niliyamwaga, na fundi bomba alinitoza pesa zilizozidi bei ya bega lenyewe.