Bandari ya Copenhagen kwa miguu mwezi wa kwanza, inalipa?

Mkuu umesema una masaa manne tu Copenhagen, Januari, unataka kujua kama kuzunguka bandari kwa miguu inalipa au utaganda bure. Mi nimekaa kule winta mbili, inalipa, ila achana na duara zima la Havneringen, njia inayozunguka bandari yote, zile ni kilomita 13, waachie wa baiskeli.

Anzia Nyhavn, ule mfereji wa nyumba za rangirangi uliochimbwa miaka ya 1670, piga picha yako fasta usepe. Vuka daraja la Inderhavnsbroen, na ubaki upande wa waenda kwa miguu maana wale wa baiskeli hawaogopi barafu sembuse wewe, halafu fuata maji kuelekea kusini mpaka Cirkelbroen. Hili ndo daraja langu. Ni miduara mitano imeunganishwa, kila mmoja na mlingoti wake kama mashua, na msanii aliyelibuni, Olafur Eliasson, kalipindisha makusudi ili watu wapunguze mwendo. Mi siku moja sikupunguza, kulikuwa na utandu wa barafu, nikala mweleka mbele za watu na hakuna aliyecheka, yaani bora wangecheka.

Sogea mpaka mtaa wa Islands Brygge, kando ya maji. Ukikuta watu wanavua nguo usishtuke, wanaenda kuogelea, humohumo bandarini, maji ni masafi. Nilimuona bibi mmoja anapanda ngazi kutoka majini, kofia ya sufu kichwani, mvuke unamtoka mabegani kama chungu kimefunuliwa, mi huku soksi mbilimbili natetemeka. Akaniambia "hej", yaani mambo, akaendelea kutafuta taulo lake.

Kurudi pita daraja la Lille Langebro, ufuate maji upande wa pili, utakutana na maktaba ya Den Sorte Diamant, jengo jeusi limeinamia maji, ingia upashe mwili joto, hakuna kiingilio.

Muda sasa: jua linatoka kwenye saa mbili na nusu asubuhi na kwenye saa kumi jioni hivi linazama, kwahiyo saa saba mchana uwe njiani. Na koti nene peke yake halisaidii, adui pale ni upepo, vaa la juu lisilopitisha upepo na ufunike masikio. Simu weka mfuko wa ndani, yangu ilikuwa na chaji asilimia 40 ikazima na baridi nikiwa katikati ya daraja nahangaika na ramani.