Jibu: Mama mmoja, malezi mamoja, mbona siasa zetu hazipatani?

Ndugu uliyeuliza kwa nini wewe na kaka yako hampatani kwenye siasa ilhali mmelelewa nyumba moja, nakujibu kutoka mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako mimi na kaka yangu mkubwa tunabishana tangu shuleni.

Wapo watakaokuambia mmoja wenu ana maadili na mwingine hana. Sikubali hata kidogo. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Shalom Schwartz alichapisha matokeo kutoka nchi 20, akataja aina 10 za tunu, yaani mambo ambayo watu huyathamini maishani: usalama, desturi, utiifu, wema kwa walio karibu, haki kwa watu wote, kujiamulia, madaraka na nyinginezo. Karibu kila mtu anazo. Tunachotofautiana ni ipi tunaitanguliza zinapogongana.

Kaka anatanguliza usalama na utiifu, mimi haki. Vijana wakitaja maandamano, anawaambia, "Mtatuletea vita." Ana sababu: vita vilipoingia mjini 1996 alikuwa na akili zake, mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama.

Ila tarehe 31 Desemba 2017, walei Wakatoliki wa CLC, kamati ya uratibu ya walei, walipoitisha maandamano baada ya misa, wakidai Mkataba wa Saint-Sylvestre, yaani makubaliano ya serikali na upinzani ya Desemba 2016 kuhusu uchaguzi, utekelezwe na Joseph Kabila, rais wa wakati huo, atangaze kwamba hatagombea tena, nani alitoka parokiani kwetu mstari wa mbele, rozari shingoni? Kaka! Hakuwa amegeuka mwanaharakati. Alikuwa anatii, safari hii Kanisa. Tunu ileile iliyomfungia nyumbani miaka yote ndiyo iliyomtoa barabarani, kwa kuwa aliyeita ni mwingine. Kwa hiyo usimpime mtu kwa tendo moja.

Na ukitaka kumshawishi, anzia kwenye tunu yake, si yako. Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yetu, alichangisha pesa za kuzibua mfereji, risiti hakuna. Nilipomwambia kaka kwamba ni haki yetu kujua pesa ziko wapi, alinijibu, "Mdogo wangu, unamkosea mkubwa heshima." Nikabadili maneno: pesa zikiliwa mfereji utabaki umeziba, na nyumba yako iko chini ya mteremko, mvua kubwa ikija itaanza na wewe. Kesho yake alimwendea shefu mwenyewe, kwa adabu zake zote, akaomba daftari la michango. Lililetwa kwenye mkutano uliofuata, likasomwa jina kwa jina. Kwenye kura bado kila mtu na mgombea wake.