Jibu kwa mdogo wangu wa Wete mwenye makopo mawili ya mchicha

Umeeleza kwamba skuli wamekupa kazi ya baiolojia, uoneshe kama samadi ya ng'ombe inakuza mchicha. Ukapanda kopo moja lenye samadi na jengine bila samadi, la samadi likastawi, ukaandika "samadi inakuza mchicha". Mwalimu karudisha daftari, kasema jaribio halithibitishi kitu, nawe unauliza kosa liko wapi.

Kosa hilo nimelifanya mimi. Nimekulia Jambiani, nyumbani kwetu tukilima mwani. Nilipokuwa kidato cha tatu nilishikilia kwamba mbegu ndogo za mwani, yaani vile vipande vya kupandia, hukua haraka kuliko kubwa. Nikafunga mbegu kwenye kamba mbili kwa taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia, moja mbegu ndogo tupu, ya pili kubwa tupu. Tulipovuna nikapima, na nikilinganisha na uzito niliofungia, ndogo ziliongezeka mara nyingi zaidi. Mama yangu, ambaye ameujua mwani tangu ulipoanza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, aliuliza swali moja tu: "Hiyo kamba ya ndogo umeifunga wapi?" Nilikuwa nimeifunga karibu na mkondo, maana ndiko kulikobaki vigingi vitupu. Ya kubwa ilikuwa huku juu, ambako bahari ikipwa mwani hulala kwenye maji haba yaliyochemka kwa jua. Basi nilichokipima ni ukubwa wa mbegu, au ni mahala? Sikuweza kumjibu.

Mara ya pili nilifunga kamba kumi, kila kamba nusu ndogo nusu kubwa, na upande upi uanze nikaamua kwa kurusha sarafu. Sasa ndogo na kubwa zinakunywa maji yale yale. Ile tofauti niliyojivunia ikapungua sana. Iliyobaki wazi ni tofauti ya kamba za mkondoni na za juu.

Yaangalie makopo yako kwa jicho hilo. Je, yalipata jua sawa? Maji uliyapima kwa kikombe kimoja? Na hata kama kila kitu kilikuwa sawa, makopo mawili hayatoshi. Panda makopo mawili yote bila samadi, uyatunze sawasawa, na bado moja litalipita jengine, kwa sababu mbegu hazilingani nguvu. Kwa hiyo panda makopo sita ya samadi na sita yasiyo nayo, ukiweza zaidi ni bora. Udongo uchekeche na uuchanganye kwenye fungu moja kabla ya kugawa, mbegu zitoke pakiti moja. Pahala pa kila kopo papigie kura: andika namba kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa. Usipange kwa mkono wako, kwani mkono huyapeleka yale unayoyapenda penye jua zuri bila mwenyewe kujua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipita, nami ndilo linalonipendeza kuliko yote katika somo hili. Mwaka 1668 daktari wa Kitaliano, Francesco Redi, alitaka kujua kama funza wanazaliwa na nyama yenyewe inapooza, kama watu wengi walivyoamini, au wanatokana na nzi. Alitia nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunga kabisa. Funza wakatoka kwenye vya wazi tu. Lakini mtu angeweza kumwambia: umeziba na hewa pia, pengine ni kukosa hewa ndiko kulikozuia funza. Akafunika vyombo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Nyama ikaoza, funza ndani hamna. Kitambaa kile kilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja.

Samadi yako nayo imefunga mambo mawili. Ina chakula cha mmea, na pia inashika maji. Hata ukimwagilia kikombe kile kile, kopo la samadi litakuwa bichi mchana kutwa na lisilo nayo limekauka saa sita. Ongeza basi kundi la tatu: udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa laini, kiasi kile kile cha samadi. Makumbi yanashika maji lakini chakula chake ni kidogo. Mchicha wa makumbi ukikaribia wa samadi, basi maji yalikuwa na sehemu kubwa. Ukibaki nyuma pamoja na wa udongo mtupu, una haki ya kusema ni chakula. Tahadhari, usichukue makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kusokotea kamba. Yale yamekunywa chumvi, nayo itakuharibia kundi zima.

Kwenye kupima, urefu usiuamini peke yake. Mche uliokosa mwanga hurefuka, shina jembamba, majani ya manjano, na kwa rula utaonekana mshindi. Hesabu majani, na mwisho ng'oa, osha mizizi, kausha kwa siku kadhaa, upime uzito. Anayepima asijue kopo lipi ni la kundi gani. Mpe mdogo wako miche yenye namba tu.

Na kabla hujapanda, andika nadharia tete yako, yaani lile unalolidhani na unataka kulijaribu, kwa sentensi moja, na chini yake uandike ni matokeo gani yatakayokufanya ukubali kwamba umekosea. Mimi sikuandika, ndiyo maana mama alipouliza nilianza kutafuta maneno ya kujitetea.

Ukikosa makopo, kata chupa za maji za lita moja na nusu, zote ukubwa mmoja, uzitoboe chini idadi sawa ya matundu. Ukishapima wiki ya kwanza weka namba hapa tuziangalie pamoja, na za makopo ambayo miche yake imekufa usiziache.