Maswali ya Wasomaji: Gemu limekwisha kupakuliwa, mbona intaneti bado imelala?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nyumbani tuna intaneti ya waya wa simu. Nilipoipima alfajiri, wenzangu wakiwa wamelala, ilionyesha megabiti 8 kwa sekunde za kuingia na 1 ya kutoka. Mwezi uliopita mpwa wangu alihamia kwetu na kompyuta yake ya kuchezea magemu. Akiiwasha tu, mke wangu hawezi kuzungumza kwa video na binti yetu aliyeko Dodoma, kwani sauti hukatika na picha huganda. Baada ya saa moja hivi hali hugeuka: kurasa mpya hazifunguki kabisa katika simu zetu, ingawa redio niliyokuwa nikiisikiliza mtandaoni huendelea bila wasiwasi. Nikizima ruta na kuiwasha, tunapumua kwa robo saa. Kijana anaapa kwamba gemu lilikwisha kupakuliwa tangu Jumamosi, na mtoa huduma anasema laini haina kasoro, ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nimwamini nani?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mpwa wako hasemi uongo, na laini huenda kweli ni nzima. Kinachowaumiza ni kile kinachotoka nyumbani kwenu, wala si kinachoingia.

Baadhi ya magemu hayapakuliwi kutoka katika seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni peke yake. Faili hukatwa vipande vidogo, na kompyuta za wachezaji hupeana vipande hivyo moja kwa moja, kwa utaratibu uliopata umaarufu kupitia BitTorrent, njia ya kugawana mafaili iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Gemu la World of Warcraft lilisambaza masahihisho yake kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na gemu la League of Legends nalo liliwahi kutumia programu ya Pando Media Booster, ambayo ilibaki ikifanya kazi chinichini hata mchezaji alipokuwa amekwisha kupata gemu lake. Maana yake ni kwamba mpakuaji akishapata vipande vyake, kompyuta yake hugeuka mgawaji, na kugawa huko hupita katika ile megabiti yenu 1 ya kutoka.

Utauliza, kinachotoka kinazuiaje kinachoingia? Fikiria duka la Ujiji linaloagiza mzigo Dar es Salaam kwa treni, na muuzaji wa huko hapakii shehena inayofuata mpaka apokee stakabadhi ya ile iliyotangulia. Stakabadhi zikikwama kwenye foleni ya posta ya Kigoma, mzigo hausogei, hata kama behewa ni tupu. Intaneti nayo hutuma stakabadhi za namna hiyo kwa kinachopokelewa, nazo kwenu hupanga foleni ndani ya ruta nyuma ya vipande anavyogawa kijana. Ruta yenye nafasi ya foleni ya kilobaiti 256 (baiti 1 ni biti 8), ikijaa kwenye laini ya megabiti 1, huchukua takriban sekunde 2 kuimaliza foleni hiyo, na hakuna mazungumzo ya video yanayovumilia ucheleweshaji wa sekunde 2.

Thibitisha mwenyewe. Fungua dirisha la amri (Command Prompt katika Windows), uandike ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, hivi: ping 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani ya ruta nyingi za nyumbani, kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya nje. Kwa kawaida ya kwanza hujibu ndani ya milisekunde chache. Ikiwa ya pili inapanda hadi milisekunde 1,500 au 2,000 kijana anapowasha kompyuta yake, na kushuka anapoizima, shauri limekwisha. Kumhamishia kijana kwenye waya badala ya Waifai, kama wengi wanavyoshauriana, hakutasaidia, kwa sababu foleni iko upande wa nje wa ruta.

Dalili yako ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi, na nakupongeza kwa kuitaja ile redio. Ruta huweka jedwali la kila muunganisho unaopita ndani yake. Programu ya kugawana vipande inaweza kufungua mamia ya miunganisho, na mingine hubaki imeandikwa hata wenzao wakishaondoka. Mfumo wa Linux, unaotumika katika ruta nyingi, kwa mpangilio wake wa awali unaweza kuutunza muunganisho ulio kimya kwa siku 5, ingawa watengenezaji wengi hupunguza muda huo. Jedwali likijaa, aliyekwisha kuandikwa, kama redio yako, huendelea, lakini anayebisha hodi sasa hapati nafasi. Kuzima ruta hulifuta jedwali, ndiyo maana mnapona kwa robo saa tu.

Tiba yenyewe si ngumu. Keti na mpwa wako, mwandike resmon (kifuatiliaji cha matumizi ya kompyuta) katika sehemu ya kutafutia ya Windows, mfungue upande wa mtandao na kuangalia ni programu gani inatuma sana. Kwa kawaida ni ile ya kupakulia gemu, iliyojificha karibu na saa ya kompyuta. Katika mipangilio yake mzime ugawaji, au muuwekee kikomo cha kilobaiti 60 hivi kwa sekunde, maana megabiti yenu 1 ni sawa na kilobaiti 125 tu, na mpunguze miunganisho isizidi 80. Angalieni pia Delivery Optimization katika mipangilio ya Windows, kwa kuwa tangu Windows 10 ya mwaka 2015 kompyuta inaweza kuwapelekea watu wa mbali masahihisho ya mfumo bila mwenyewe kujua.

Usimnyime kijana gemu lake. Kucheza kwenyewe hutumia kiasi kidogo sana cha mtandao, na bila shaka foleni hiyohiyo inamchelewesha naye anapocheza. Kifurushi kikubwa kisubiri: kama kinaongeza kasi ya kuingia tu, mtalipia pasipouma.

Mkishamaliza, rudia ping ya 8.8.8.8 jioni, kijana akiwa anacheza. Namba zikibaki karibu na zile za alfajiri, mwambie mama ampigie binti Dodoma.