Hujapoteza wokovu kwa kukosa kusoma Neno

Pole dada, eti kukosa kusoma Biblia wiki nzima sababu ya shifti za usiku ndo kumekutoa kwenye wokovu? Hapana bana. Soma Waefeso 2:8-9 taratibu, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani wala si kwa matendo, sasa kusoma sura tatu kila asubuhi si ni tendo pia? Yule mhalifu wa Luka 23 aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakumaliza plani yoyote ya kusoma na bado Yesu alimwambia watakuwa wote peponi siku ileile.

Ila usiache kusoma kisa neema ipo, usipokula nyumbani hufukuzwi lakini utadhoofu. Na hizi plani za Biblia nzima kwa mwaka mi naona zinachosha watu, wengi wanakwama kwenye kitabu cha Walawi halafu wanajiona wamekufa kiroho. We anza na Injili ya Marko, ina sura 16 tu, soma kipande kwenye simu ukiwa kwenye daladala unarudi kulala, mfano 2:1-12 pale jamaa wanne wanatoboa dari kumshusha mgonjwa wao, uone Yesu aliangalia imani ya nani. Ukisinzia katikati kesho endelea palepale, usirudi mwanzo kujiadhibu.