Kuchagua Ukubwa wa Kompyuta Mpakato ya Shule: Anza na Begi na Meza

Mwanafunzi anaponiomba nimsaidie kuchagua kompyuta mpakato, maswali yake ya kwanza huwa ni kuhusu kasi ya mashine na nafasi ya kuhifadhi kazi, na ukubwa huutaja mwishoni kabisa, kana kwamba ni suala la kupenda tu. Mimi humrudisha kwenye ukubwa kabla ya mengine yote. Katika mashine nyingi diski inaweza kubadilishwa, katika baadhi yake kumbukumbu inaweza kuongezwa, na betri iliyochoka hupata nyingine, lakini ukubwa ulioununua ndio utakaoishi nao hadi siku utakapoiacha mashine hiyo. Nimesoma nikitumia kompyuta ya inchi 15.6, kisha nikatumia ya inchi 14, na nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa kuchagua zao. Katika yote hayo nimejiridhisha kwamba ukubwa unaofaa huamuliwa na mahali ambapo kompyuta itashinda mchana kutwa, yaani begani na kwenye meza za darasani, kuliko inavyopendeza ikiwa imewashwa mbele yako dukani.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu wengi huisoma vibaya. Inchi zinazotajwa ni kipimo cha skrini kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe ya upande wa pili, na hazikuambii lolote kuhusu umbo lake. Skrini ya inchi 15.6 yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 16:9, ambao ni umbo la televisheni, ina upana wa sentimita 34.5 hivi na kimo cha sentimita 19.4. Skrini ya inchi 13.5 yenye uwiano wa 3:2 ina upana wa sentimita 28.5 na kimo cha sentimita 19. Kwa maneno mengine, mashine hiyo ndogo inakaribia kabisa kimo cha ile kubwa, ilhali ni nyembamba kwa sentimita 6 upande hadi upande. Mwanafunzi husoma kurasa na kuandika insha, na maandishi hushuka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kimo ndicho kinachoamua utaona mistari mingapi kabla ya kuvuta ukurasa. Mtu akiniuliza achague ipi kati ya kompyuta mbili za inchi 14 zinazolingana katika mengine yote, nitamwambia achukue yenye uwiano wa 16:10 na kuiacha ya 16:9, hata kama tofauti yake machoni inaonekana ndogo.

Jambo jingine linalopotosha ni idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Zipo kompyuta za inchi 15.6, hasa za bei nafuu na zilizokwisha kutumika, zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Hizo huonyesha maudhui machache kuliko kompyuta ya inchi 13.3 yenye pikseli 1920 kwa 1080, ingawa ni kubwa kuliko hiyo. Herufi zake ni kubwa, kingo zake zina chenga, na ukifungua madirisha mawili sambamba, moja la kusomea na jingine la kuandikia, yote mawili yanabanana. Usilipie ukubwa wa aina hiyo.

Sasa uzito, ambao ndio nauzingatia kuliko yote. Kompyuta nyingi za inchi 13 na 14 zina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6, za inchi 15.6 mara nyingi huwa kati ya kilo 1.6 na 2.2, na za inchi 17 huweza kuvuka kilo 2.5. Ukizishika dukani kwa dakika moja, tofauti hiyo ya nusu kilo au kilo nzima haikushtui. Begani, pamoja na vitabu, madaftari na chupa ya maji, asubuhi na jioni, utaihisi vizuri sana. Tena usiisahau chaja. Kompyuta nyembamba huja na chaja ndogo unayoweza kuiweka mfukoni, lakini mashine kubwa za michezo ya kompyuta huja na tofali la chaja ambalo peke yake linaweza kuzidi nusu kilo, na kwa kuwa mashine hizo humaliza chaji mapema, huwezi kuliacha nyumbani. Nimewaona wanafunzi waliokuwa na kompyuta nzuri sana wakianza kuziacha chumbani na kwenda darasani na simu tu, na sababu waliyoitaja ilikuwa uzito. Kompyuta isiyofika darasani imepoteza sehemu kubwa ya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Baada ya begi, fikiria meza. Katika kumbi nyingi za mihadhara hakuna meza hasa. Kuna kibao kinachokunjuliwa kutoka ubavuni mwa kiti, na mara nyingi upana wake unatosha daftari kubwa na nafasi kidogo ya kiwiko. Weka juu yake kompyuta ya inchi 14 na utaandika kwa utulivu, ukitumia mikono yote miwili. Weka ya inchi 15.6, ambayo mwili wake kwa kawaida ni mpana kwa sentimita 4 au 5 zaidi, na upande mmoja utaning'inia hewani, mkono wa kushoto utalazimika kuizuia isiteleze, na daftari utaliweka mapajani. Kuna pia suala la kifuniko: mtu wa mbele akiegemea nyuma, skrini ndefu husukumwa na kiti chake, nawe unaishia kuitazama ikiwa imeinama. Kabla ya kununua, chukua kipande cha boksi, kikate kwa upana na kina cha mwili wa kompyuta unayoitaka (vipimo hivyo huandikwa katika maelezo ya mtengenezaji), kisha kiweke juu ya kibao cha darasani kwako na ukiingize kwenye begi unalolitumia. Kazi hiyo ni ndogo, na itakuonyesha jambo ambalo muuzaji hawezi kukuonyesha.

Ukubwa hubadilisha kibodi pia. Kompyuta nyingi za inchi 15.6 huwa na safu ya tarakimu upande wa kulia. Anayesoma uhasibu au takwimu na kujaza majedwali kila siku ataishukuru. Kwa wengine wote safu hiyo inasukuma herufi kushoto, kiasi kwamba ukikaa katikati ya skrini mikono yako inakwenda upande, na ukikaa katikati ya herufi shingo yako ndiyo inayogeuka. Kwa anayeandika kurasa nyingi, hilo huchosha. Kwa upande mwingine, katika baadhi ya kompyuta za inchi 11 vitufe vimebanwa ili vienee, na mtu mzima mwenye vidole vikubwa hukosea mara kwa mara. Mashine hizo nazipendekeza kwa watoto wa shule ya msingi tu, ambao mikono yao ni midogo na kazi zao ni fupi.

Kuhusu betri, wengi hudhani kwamba kompyuta kubwa hukaa na chaji muda mrefu kwa sababu ina nafasi ya betri kubwa. Nafasi ipo kweli, lakini skrini nayo inakula. Skrini ya inchi 15.6 ina eneo kubwa kuliko ya inchi 13.3 kwa takriban asilimia 38, zikiwa na umbo moja, na eneo lote hilo huangazwa muda wote mashine inapotumika. Kwa hiyo soma uwezo wa betri, unaoandikwa kwa saa za wati (Wh), sambamba na ukubwa wa skrini, kisha usikilize wanaoitumia mashine hiyo wanasemaje kuhusu muda halisi.

Wapo wanaohitaji mashine kubwa, na sitaki waondoke na ushauri usiowafaa. Mwanafunzi wa usanifu majengo, wa uhandisi anayechora kwa vipimo vitatu, au wa utengenezaji wa video, hutumia programu zenye paneli nyingi pembeni, na pia huhitaji mashine inayopoa vizuri chini ya kazi nzito. Mwili mkubwa una nafasi ya feni na mabomba ya kuondoa joto. Mwembamba ukipata joto sana hupunguza kasi yake wenyewe ili ujilinde, na kazi ya dakika kumi ikawa ya nusu saa. Kwa mwanafunzi huyo inchi 16 ni ukubwa halali, alimradi ajue kwamba uzito ni sehemu ya fani yake. Mwenye uoni hafifu naye asilazimishwe kutumia skrini ndogo, ingawa inafaa ajaribu kwanza kukuza maandishi katika mipangilio, kwa maana mara nyingi hilo hutosha.

Kwa wengine wote, jibu langu huwa inchi 14, na kwa anayetembea sana kwa miguu, inchi 13. Anayehofia kwamba atachoka macho akisomea nyumbani anaweza baadaye kununua skrini ya mezani iliyotumika, ya inchi 22 au 24, na kuiunganisha kwa waya wa HDMI au USB-C. Atakuwa na kioo kipana kuliko kompyuta mpakato yoyote ingempa, na mzigo wake wa kila siku utabaki mdogo. Hakikisha tu kwamba kompyuta unayoichagua ina tundu la HDMI, au kwamba tundu lake la USB-C linapeleka picha, kwa sababu si kila tundu la USB-C hufanya hivyo hata kama yote yana umbo moja. Muulize muuzaji akuonyeshe kwa kuiunganisha na skrini mbele yako, na papo hapo fungua hati ndefu, punguza mwanga hadi kiwango unachokitumia darasani, na uandike aya nzima ukiwa umekaa, siyo umesimama mbele ya kaunta.